Saa Sita ya Nani?

Alhamisi ile Mama alikuwa amevaa tangu saa tatu asubuhi. Baibui jipya, mtandio wa maua, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba kichupa cha mafuta ya karafuu alichokibeba kutoka Unguja kwa ajili ya dada yake. Alikaa kwenye kiti karibu na mlango, nyumbani kwa dada yangu Al Khoud, upande wa magharibi wa jiji la Muscat, akingoja gari la saa sita. Saa sita ikafika, ikapita. Adhuhuri ikaadhiniwa, tukaswali, tukarudi kukaa. Nilipompata dereva kwenye simu ilikuwa saa saba kasorobo, na yeye alishangaa kuliko mimi.

"Dada, mie nilikuja saa sita. Nimepiga honi, nimepiga simu, hakutoka mtu. Nikachukua abiria wengine."

Tulikuwa tumezungumza Kiswahili tangu mwanzo. Kijana yule amezaliwa Oman na Kiswahili chake amekiokota jikoni kwa bibi yake, kama vijana wengi wa kule ambao wazee wao waliishi Unguja, Pemba au Mombasa. Maneno anayo, lakini saa anaihesabu kwa Kiarabu. Na kwa Kiarabu saa sita ni pale akrabu fupi inapogusa namba 6 ya saa ya ukutani. Alikuja kwetu alfajiri, saa kumi na mbili ya kwetu, kiza hakijaondoka, sisi tumelala. Simu aliyopiga ilikuwa namba yangu ya Dar es Salaam, ambayo laini yake nilishaitoa tangu tulipoteremka uwanja wa ndege na kununua laini ya pale.

Nimelifikiria jambo hili sana tangu turudi, kwa sababu mtego wake umefichwa ndani ya lugha yetu wenyewe. Sita, saba na tisa ni namba tulizozichukua kutoka Kiarabu, na zinasikika karibu sawa kwa mwenyeji na mgeni. Saa sita yetu ni mchana, yao ni 6. Saa saba yetu ni baada ya Adhuhuri, yao ni 7. Saa tisa yetu ni karibu na Alasiri, yao ni 9. Tofauti ni saa sita kamili kila mara, wala huwezi kuigundua kwa sikio, maana neno ni lilelile. Angesema "khamsa" ningemuuliza maana yake. Kwa "sita" sikuwa na sababu ya kuuliza.

Tuliipoteza siku. Mama Mkubwa, dada yake Mama, alikuwa amepika tangu usiku akitungoja. Na mwanangu wa kiume, mwenye miaka tisa, alikuwa na lake. Mpango wetu ulikuwa tulale kwa Mama Mkubwa, Birkat al Mouz, Alhamisi, Ijumaa alfajiri tuwahi Nizwa kwenye mnada wa mbuzi, ambapo wauzaji huwazungusha mbuzi kwenye duara na wanunuzi wamekaa katikati na pembeni wakipiga bei. Mnada huo ni wa Ijumaa asubuhi, na jua likipanda umekwisha. Alikuwa amewasimulia wenzake shuleni kabla hatujaondoka Dar. Mbuzi hao hakuwaona.

Nieleze tulivyofika hapo, kwa sababu familia nyingi za kwetu husafiri hivihivi. Tulikwenda Muscat likizo ya Desemba, watu sita: mimi, mume wangu, watoto watatu wa miaka kumi na minne, tisa na mitatu, na Mama mwenye miaka 71 na magoti mabaya. Mwenyeji wetu, yule dada yangu wa Al Khoud, alikuwa binti wa Mama Mkubwa, muuguzi, mwenye zamu na gari dogo la watu watano. Mama Mkubwa mwenyewe aliondoka Unguja miaka ya sabini pamoja na mumewe, wakati Oman ilipokuwa ikiwaita watu wake warudi baada ya Sultan Qaboos kushika nchi mwaka 1970. Yeye anaishi Birkat al Mouz, chini ya milima, kama kilomita ishirini na kitu kabla ya Nizwa. Haji tena mjini. Kwa hiyo ndani ya likizo ya wiki mbili kulikuwa na safari ndogo ya siku mbili, na hiyo ndogo ndiyo iliyomtoa Mama kwake.

Safari kubwa niliipanga miezi minne. Tiketi, viza, pasi za watoto, zote nilizikagua mara tatu. Hii ndogo niliipanga kwa ujumbe mmoja wa sauti. Ukishatua nchi ya watu unaona kazi imekwisha, kilomita mia na sitini ni nini? Ni kama kutoka Dar kwenda Morogoro, tena pungufu.

Alhamisi usiku nilikaa mezani na dada yangu, tukaanza upya kwa daftari. Safari hii nilianza na kurudi. Ndege yetu ya kurudi nyumbani ilikuwa Jumanne, nikaandika: Jumatatu nzima tuwe Muscat, lolote litokee. Desemba kule jua huzama mapema, kabla ya saa kumi na mbili jioni, na sikutaka mtoto na mzee wawe barabarani gizani, kwa hiyo kurudi kuwe baada tu ya Alasiri. Kisha dada akaniambia jambo ambalo mgeni hawezi kulijua. Mwisho wa wiki wa Oman ni Ijumaa na Jumamosi. Watu wa Muscat wengi asili yao ni vijijini, huenda kwao Alhamisi jioni na kurudi Jumamosi jioni, na barabara ya kuingia mjini hujaa. Tukasema basi, twende Jumamosi asubuhi, turudi Jumapili alasiri, wenzetu wakiwa kazini. Siku zilijipanga zenyewe baada ya hapo. Ningeanza na kwenda, ningesema tuondoke kesho kwa hasira ya kuipoteza siku, na Ijumaa mchana ingetukuta njiani wakati wa sala, maduka yamefungwa, mtoto analia njaa.

Cha pili nilichoandika ni mwili wa kila mmoja. Mama hawezi kukaa saa mbili bila kunyoosha miguu. Wa kati hutapika kwenye kona akikaa nyuma kabisa. Mdogo anahitaji kiti chake, na sheria ya Oman inadai kiti cha mtoto kwa aliye chini ya miaka minne na mkanda kwa kila mtu garini, wa mbele na wa nyuma. Kumpakata, kama tulivyozoea huku, hakupo. Kwa ushauri wangu, aliye dhaifu kuliko wote ndiye achaguliwe gari, wengine watafuata. Sisi tulikuwa tumefanya kinyume, tulichagua gari kwa bei, kisha tukaanza kuwabana watu waenee.

Basi lilikuwepo, na si la kudharau. Kampuni ya taifa, Mwasalat, ina mabasi mazuri yenye kipoza hewa yanayopita Nizwa kwenye njia ndefu ya kwenda Salalah, na nauli ya Muscat hadi Nizwa ilikuwa kama rial mbili kwa mtu. Rial moja ya Oman ni dola 2.60 za Marekani, bei iliyofungwa tangu mwaka 1986, na inagawanywa katika baiza 1,000. Ningekuwa peke yangu, au na rafiki, ningepanda basi bila kufikiri. Lakini basi linakushusha barabara kuu, si mlangoni. Ongeza teksi ya kukufikisha kituoni, teksi ya kukutoa kituoni, mizigo ya watu sita, kiti cha mtoto cha kubeba mkononi, na mzee wa kupandisha ngazi za basi. Watu hulinganisha nauli na nauli, wakati kinachochosha familia ni vipande vya mwanzo na mwisho.

Kuna pia teksi za kuchangia, nyeupe zenye rangi ya chungwa ubavuni, zinazokusanya abiria karibu na mnara wa Burj al Sahwa na kuondoka zikijaa, sawasawa na mchomoko wa kwetu au Probox za Kenya. Udereva wa teksi Oman ni kazi ya raia wenyewe, ndiyo maana Mswahili hukutana na Kiswahili ndani ya teksi kuliko pengine popote pale. Ila kwa watu sita utakodi gari zima na nusu ya pili.

Mume wangu alitaka tukodi gari aendeshe mwenyewe. Ameendesha Dar miaka ishirini, na hakuna aliyeendesha Dar miaka ishirini anayeogopa barabara. Kibali cha kimataifa cha udereva alikuwa nacho, kwa Tanzania hutolewa na chama cha magari AAT na kwa Kenya na AA Kenya, ukiwa na leseni yako halali. Barabara za Oman ni pana na laini, mwendo wa barabara kuu unafika kilomita 120 kwa saa, kamera za tochi zimesimama kila baada ya kitambo. Mafuta ni rahisi kuliko kwetu. Kwa karatasi, kila kitu kilimkubali.

Nilimkatalia, na sababu yangu ni moja. Oman wanaendesha kulia. Aliyewahi kuvuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda anaijua hali hii: unavuka daraja, na ghafla upande wako si wako. Kwenye barabara iliyonyooka hakuna tatizo, unafuata gari la mbele. Tatizo ni pale unapotoka sheli magharibi umechoka, barabara tupu, hakuna wa kumfuata, na mikono yako inakupeleka kushoto kabla hujafikiri. Tatizo ni kipilefti, ambacho sisi tunakizunguka tukikiacha kulia kwetu na wao wanakiacha kushoto. Mtu mmoja kujifunza hayo taratibu, asubuhi, bila watoto, ni sawa kabisa. Kujifunza na watoto watatu wanaogombana nyuma na mama mkwe pembeni, hapana. Naye alikiri baadaye kwamba hata kadi ingemkwamisha, maana kampuni tatu tulizoulizia zilitaka kadi ya mkopo yenye jina la dereva ili zizuie amana, na sisi tulikuwa na kadi za kawaida za benki. Uliza hilo ungali nyumbani.

Tukabaki na gari lenye dereva. Hapo ndipo nilipojifunza kuuliza.

Watu husema "gari la watu saba" kana kwamba maneno hayo yametosha. Ijumaa nilikwenda kuliona gari lenyewe kabla ya kukubali, na nakuomba ufanye hivyo. Kiti cha tatu, cha nyuma kabisa, kikiinuliwa, buti hubaki na upana wa sanduku moja la kubeba mkononi likisimama. Sisi tulikuwa sita, na dereva wa saba. Yaani gari lilitutosha sisi na halikuitosha mizigo yetu. Tungejua hilo Alhamisi mlangoni, masanduku yapo chini. Kwa kuwa tulijua Ijumaa, tulipakia mfuko mmoja wa nguo za watu wote za usiku mmoja, na masanduku tukayaacha kwa dada. Zawadi za Mama Mkubwa, mchele wa Mbeya, karafuu, khanga pea nne, zilikaa chini ya miguu ya watoto.

Jambo la pili nililoliona ni urefu wa gari. Lilikuwa kubwa la kupanda milima, sakafu yake ikifika karibu na goti langu. Nikamfikiria Mama. Nikarudi ndani, nikachukua kigoda cha jikoni kwa dada, kile cha kukalia ukichambua mboga, nikakijaribu pale mlangoni: mguu juu ya kigoda, mkono kwenye kishikio cha juu ya mlango, mwili unaingia. Kigoda hicho ndicho kitu cha maana kuliko vyote tulivyobeba. Tulikuwa tukisimama, mkubwa wangu anaruka kwanza, anakiweka chini, bibi yake anashuka kama mtu anayeteremka kibarazani kwake.

Dereva wa safari hii alikuwa mtu mzima, amezaliwa Unguja na kuondoka akiwa kijana, Kiswahili chake safi kuliko changu. Tulipatana rial 70 kwa siku mbili. Nilimtaka anihesabie mle ndani mna nini, naye hakuchukia. Mafuta yamo. Kungoja kwamo. Malazi yake yeye, angelala kwa ndugu zake Nizwa, kwa hiyo hayanihusu. Kwenda Nizwa ngomeni na kurudi Birkat al Mouz Jumapili asubuhi kumo. Kupanda Jebel Akhdar hakumo, na tukitaka tungeongeza.

Hapo kwenye Jebel Akhdar binti yangu mkubwa alininunia. Jina maana yake mlima wa kijani, vijiji viko juu kwenye kingo za magenge, kama mita elfu mbili kutoka usawa wa bahari, na Desemba kuna baridi ya kuvaa koti. Njia ya kupandia inaanzia palepale Birkat al Mouz, na polisi wana kizuizi chini ambapo gari lisilo na uwezo wa kuendesha magurudumu yote manne hurudishwa. Gari letu lingepita. Lakini njia ni kona juu ya kona, wa kati hutapika, na Mama alikwenda kumwona dada yake, hakwenda kuona magenge. Kwa usiku mmoja, tukakubaliana, pahali ni pamoja. Nizwa yenyewe ilikuwa nyongeza.

Muda tuliupanga kwa sala. Nilimwambia dereva, "Tuondoke baada ya Alfajiri, watoto wakishakunywa chai," kisha nikamwandikia kwenye simu: 07:30. Akajibu kwa tarakimu zilezile. Nikampa namba ya laini ya pale, na ya dada yangu. Baba, mama, mtoto wa Oman au wa Zanzibar, wote wanajua Alasiri ni lini, na hakuna anayeweza kusoma 07:30 vinginevyo. Watoto niliwawekea saa zao mbele kwa saa moja, maana Oman imetutangulia kwa hiyo.

Jumamosi saa moja na nusu asubuhi ya kwetu, saba na nusu ya kwao, gari lilikuwa mlangoni.

Barabara inaingia milimani taratibu. Milima ya Hajar njiani hapo haina miti, ni miamba mikavu ya rangi ya kahawia na zambarau, na barabara imefuata uwazi wa Sumail ambao misafara iliufuata tangu kale. Bidbid njia inagawanyika, ya kushoto inakwenda Ibra na Sur, pwani ya majahazi, na sisi tukashika ya Nizwa. Tulisimama mara mbili. Dereva alituonyesha makorongo makavu, wadi, akamwambia mume wangu asidanganywe na ukavu wake: mvua ikinyesha milimani huko juu, huku chini jua linawaka, maji hushuka kwa dakika chache na kuchukua gari. Ikinyesha, alisema, hatuvuki, tunangoja hata kwa muda wa saa tano. Nilifurahi kwamba niliacha siku ya Jumatatu wazi.

Birkat al Mouz ni birika la migomba, na Mswahili hahitaji mkalimani kwa neno la kwanza. Nyumba za zamani za udongo zimebomoka kwenye mteremko, na chini yake mitende na migomba imesongamana, ikinyweshwa na falaji, mfereji wa Al Khatmain, mmoja kati ya mitano ya Oman iliyoingizwa na UNESCO kwenye urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yanatiririka kwenye mfereji wa mawe kwa mteremko tu, bila pampu.

Sitaeleza sana kukutana kwao. Mama Mkubwa alikuwa kibarazani, na yeye ndiye aliyetoa sauti kwanza. Mama alishuka kwenye kigoda, akasahau magoti.

Jumapili asubuhi, wazee wakiwa wamebaki, tulikwenda Nizwa na watoto. Tulipanda mnara mkubwa wa duara uliojengwa katikati ya karne ya 17 na Imam Sultan bin Saif, yule aliyewatoa Wareno Muscat mwaka 1650. Mwanangu aliuliza uwanja wa mbuzi uko wapi. Tukamwonyesha. Ulikuwa mtupu, umefagiwa. Aliuzunguka mara moja peke yake, akarudi.

Baada ya Alasiri tuliondoka. Mama Mkubwa alishika mlango wa gari akamuuliza dereva tutafika lini. "Magharibi, inshallah, bi mkubwa," akasema. Tuliingia Al Khoud adhana ikiitwa. Binti yangu akaruka chini, akatafuta chini ya viti, akatafuta kwenye buti.

"Bibi, kigoda kiko wapi?"

"Nimemwachia dada," Mama akasema, akinyoosha mikono tumshushe, mume wangu huu, mimi ule. "Na yeye wanampandisha garini kama gunia."